Mbano wa shingo ya ganda: kwa nini bushi ndogo imezidisha tofauti ya kasi?

Mlenga300 ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua kwa muda, nami nitalieleza kwa ukamilifu ili anayejibu asilazimike kukisia.

Natumia bunduki ya bolti ya .308 Winchester kwa kulenga shabaha ya karatasi, na risasi zangu nazijaza mwenyewe: katika ganda lililokwisha kutumika naweka fataki (kiwashio cha kitakoni), baruti na kichwa, yaani kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Maganda yote ni ya toleo moja la kiwandani na yamekwisha kufyatuliwa mara sita. Dai yangu ya kubania, yaani kifaa cha presi kinachofinya ganda lililofyatuliwa lirudi kwenye kipimo, ni ile inayopokea bushi za kubadilisha (pete za kufinya shingo, kila moja na tundu la kipimo chake), na tangu nianze nilikuwa na bushi moja tu, ya inchi 0.336. Risasi iliyokamilika, yaani ganda likiwa tayari na kichwa ndani yake, ina shingo yenye kipenyo cha nje cha inchi 0.338. Kwa hiyo, kwa hesabu ya karatasini, nilikuwa na mbano wa inchi 0.002, yaani shingo ni nyembamba kwa kiasi hicho kabla ya kichwa kuitanua.

Mwanzoni nilifurahia matokeo. Ilipofika mara ya nne ya kujaza maganda hayo, nilianza kuhisi mkononi kwamba baadhi ya vichwa vinaingia kwa ulaini na vingine vinagoma, ingawa maganda yote yamepita katika dai ileile siku ileile. Kipimakasi kikathibitisha: katika risasi kumi, tofauti kati ya iliyokwenda kasi zaidi na iliyokwenda polepole zaidi ilipanda kutoka mita 8 kwa sekunde hadi mita 14. Nikajiambia kwamba shingo zimechoka na haziwezi kushika, nikanunua bushi ya inchi 0.334 ili mbano uwe inchi 0.004. Sasa tofauti imefika mita 19, na matundu kwenye karatasi yamejipanga juu na chini kama vifungo vya shati. Zaidi ya hayo, kila kichwa ninachokikalisha, yaani ninachokisukuma shingoni kwa presi, kinabaki na alama ya duara jembamba pale chuma cha kukalishia kinapokigusa.

Baruti napima kila chaji kwenye mizani, urefu wa risasi naupima mmoja mmoja, na maganda nayasafisha kwa maji na pini za chuma hadi ndani ya shingo kung'ae. Je, mbano mkubwa zaidi si ndio ungepaswa kuleta usawa? Na kama sivyo, namba sahihi ni ipi?

FundiMaganda amejibu:

Mkuu Mlenga300, umeuliza vizuri kwa sababu umetoa vipimo, na vipimo vyako vyenyewe vina sehemu kubwa ya jibu.

Tuanze na hesabu, maana wengi huikosea. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha inchi 0.308. Ikiwa risasi yako iliyokamilika inapima 0.338 shingoni, basi kuta mbili za shingo kwa pamoja ni inchi 0.030, na kila ukuta ni 0.015, sawa na milimita 0.38 hivi. Bushi ya 0.336 inaiacha shingo ikiwa na uwazi wa ndani wa takriban 0.306, na hiyo ndiyo tofauti ya 0.002 tunayoiita mbano. Nasema takriban kwa makusudi, kwa kuwa chuma cha ganda hakikai pale ulipokiacha. Kikitoka ndani ya bushi hujirudi kidogo kama springi, na kiasi kinachojirudi kinategemea ugumu wa chuma chenyewe. Maganda mawili yaliyopita katika bushi moja yanaweza kutoka na mbano tofauti kwa sababu moja ni gumu kuliko jingine. Namba iliyochongwa kwenye bushi inakueleza ukubwa wa bushi tu. Ukitaka kujua ukubwa wa shingo, pima shingo.

Sasa nieleze kwa nini 0.334 haikukusaidia. Shingo ya ganda hukishika kichwa kwa sababu imetanuliwa kidogo na inataka kurudi ilipokuwa. Kutanuka huko kuna mpaka. Ndani ya mpaka, kadiri unavyoitanua ndivyo inavyobana zaidi; ukiuvuka, chuma hukubali umbo jipya na nguvu ya kubana haiongezeki tena kwa kiasi cha kuonekana. Kwa shingo za unene kama wa zako, mpaka huo hufikiwa mapema, na wengi wetu tumeona kwamba kuanzia mbano wa inchi 0.003 hivi, kichwa chenyewe huanza kufanya kazi ya kupanua shingo. Umeongeza nguvu ya kukisukuma kichwa ndani bila kuongeza kwa maana nguvu ya kukishika. Lile duara jembamba unaloliona kwenye vichwa ni alama ya nguvu hiyo: chuma cha kukalishia kinalazimika kusukuma sana hadi kinatia kovu kwenye koti, yaani gamba la nje, la kichwa. Na kichwa kinachosukumwa kwa nguvu hukaa kwa urefu usio sawa na wenzake, kwa sababu kila kimoja kinagoma kwa kiasi chake.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chukua ganda moja lisilo na fataki wala baruti, libane kwa bushi ya 0.334, kisha pima shingo kwa mikromita katika sehemu tatu ukiizungusha. Kalisha kichwa. Kiondoe kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Pima tena. Kama shingo ingekuwa bado ndani ya mpaka wake, ingerudi karibu na pale ilipokuwa kabla ya kichwa kuingia. Nadhani utaikuta imebaki kubwa zaidi kwa wazi, na tofauti hiyo ndiyo sehemu ya mbano uliyoilipia bila kuipata. Tafadhali tumia mikromita wala si kalipa, kwani kalipa ya kawaida inaweza kukosea kwa inchi 0.001, na katika jambo hili kosa hilo ni nusu ya kitu chenyewe unachokipima.

Jambo moja zaidi kuhusu bushi. Shingo iliyotoka kwenye chemba (chumba cha mtutu risasi inamokaa) ya .308 mara nyingi hupima karibu na 0.343. Kuishusha hadi 0.334 kwa mkupuo mmoja ni kuibana kwa inchi 0.009, na bushi huwa hazifanyi kazi safi zinapolazimishwa kwenda mbali kiasi hicho: shingo inaweza kutoka imepinda, au ndogo kuliko bushi yenyewe. Mimi, ninapolazimika kubana zaidi ya inchi 0.005, hupitia bushi kubwa kwanza kisha ndogo. Ni kazi mara mbili, lakini ukiviringisha risasi kwenye kipimo cha mpindo utaiona tofauti.

Ushauri wangu ni kwamba urudi kwenye 0.336. Tatizo lililokufanya uiache halikuwa la bushi.

MotoNaShaba amejibu:

Naunga mkono aliyotangulia kusema FundiMaganda, nami niongeze palipobaki, maana sentensi iliyonishtua ni ile ya kwamba maganda yamefyatuliwa mara sita na hukutaja popote kuyapitisha motoni.

Ganda la risasi ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na tabia ya chuma hiki ni kwamba kila kinapofinyangwa kikiwa baridi kinazidi kuwa kigumu. Sasa hesabu mwenyewe safari za shingo: inatanuka risasi inapofyatuliwa, inafinywa na bushi, inatanuliwa tena na kichwa, kisha inarudia. Baada ya mizunguko minne au mitano shingo si ile uliyoinunua. Imekuwa ngumu, inajirudi zaidi kila inapotoka kwenye bushi, na kwa bahati mbaya maganda hayafiki ugumu huo kwa hatua moja, kwa sababu kuta za shingo hazina unene sawa kabisa kutoka ganda moja hadi jingine. Hisia ulizozipata mkononi kuanzia mara ya nne zilikuwa sahihi. Ulichokosea ni kudhani kwamba shingo zimelegea, ilhali zilikuwa zimekakamaa kwa viwango tofauti.

Dawa yake ni kulainisha shingo kwa moto. Kinachopashwa ni shingo na bega (mteremko ulio chini ya shingo) tu, kwa sekunde chache, katika moto wa gesi huku ganda likizungushwa, au kwa mashine ya koili kwa mwenye nayo. Wanaotumia moto wa gesi hufanyia kazi mahali penye mwanga hafifu na kuliondoa ganda mara tu rangi ya shingo inapoanza kubadilika kuelekea wekundu hafifu kabisa. Ukingoja ing'ae vyema umechelewa: shingo itakuwa laini mno na haitashika kitu, na hakuna namna ya kuirejesha isipokuwa kulitupa ganda.

Na hapa naomba kila anayesoma asimame kidogo. Kitako cha ganda kisipashwe moto kamwe. Ndicho kinachozuia shinikizo la gesi lisimrudie mpigaji usoni, na kinalizuia kwa sababu ni kigumu. Ganda lililolainishwa kitako ni hatari hata kama kwa macho linaonekana jipya. Wapo wanaopaka chini ya bega rangi maalumu inayoyeyuka kwenye joto linalojulikana, ili wajue joto halijashuka kupita kiasi, nao wanafanya vyema. Kuhusu kutumbukiza ganda majini baada ya moto, maji hayaongezi ugumu wala hayapunguzi, kwa kuwa mchanganyiko huu haufuati kanuni ya chuma cha pua wala cha visu; yanazuia tu joto lisiendelee kushuka, nayo hukuachia kazi ya kukausha.

Fanya hivyo kabla ya kubana, si baada, ili bushi ikutane na chuma chenye hali moja.

Sasa usafi. Umesema unasafisha kwa pini hadi ndani ya shingo kung'ae, na najua ni jambo la kujivunia kuliona, lakini umeondoa kitu kilichokuwa kinakusaidia. Utando mwembamba wa masizi unaobaki ndani ya shingo baada ya kufyatua ni kama kilainishi kikavu. Ukiuondoa wote, koti la shaba la kichwa linasuguana na ukuta mtupu, na msuguano wa namna hiyo unabadilika kutoka shingo moja hadi nyingine. Risasi zikikaa kwa miezi mingi, kichwa na shingo huweza hata kugandana. Mimi hupitisha brashi ya nailoni mara tatu nne ndani ya kila shingo, idadi ileile kwa kila ganda, kisha naacha. Ukitaka kuendelea na pini, basi chovya mdomo wa ganda kwenye unga wa grafaiti kabla ya kukalisha kichwa, ufute unaozidi.

Mandreli ameandika:

Naomba kutofautiana kidogo na FundiMaganda, kwa heshima, kwa sababu mazungumzo yote yamekaa upande wa nje wa shingo ilhali kichwa kinakaa ndani.

Bushi inafinya kutoka nje. Kama ukuta wa shingo una unene wa 0.014 upande mmoja na 0.015 upande wa pili, bushi itaufanya upande wa nje uwe mviringo mzuri na itausukuma ubaya wote ndani, mahali ambapo kichwa kitaukuta. Ndiyo maana mimi hutumia bushi ndogo kidogo kuliko ninayoihitaji, kisha napitisha mandreli, yaani fimbo ya chuma iliyosagwa kwa kipimo, kutoka juu. Mandreli inasukuma ubaya ule kwenda nje na kuacha ndani pakiwa mviringo wenye kipimo ninachokitaka. Kwa .308 natumia ya inchi 0.306, na shingo inajirudi kidogo baada ya fimbo kutoka, kwa hiyo napata mbano wa 0.002 na nywele kidogo juu yake.

Isichanganywe na lile tufe la kupanulia linalokuja ndani ya dai za kawaida. Tufe linapita ndani ya shingo wakati ganda linavutwa chini, nalo linaivuta shingo pamoja nalo. Likiwa kavu utalisikia likilia, na shingo iliyovutwa hivyo mara nyingi hupinda kutoka kwenye mstari wa mwili wa ganda. Aliye na tufe tu si lazima anunue kitu kingine leo, ila apake kilainishi ndani ya kila shingo kabla ya kubana.

Pia, kabla ya yote, sugua mdomo wa ganda kwa ndani uwe na mteremko mdogo laini. Mdomo wenye makali hukwangua koti la kichwa, na nyuzi za shaba utaziona zimejikunja pale shingo inapoishia.

FundiMaganda amejibu:

Mkuu Mandreli, sina ugomvi na fimbo yako, na kwa maganda yenye kuta zisizo sawa nakubali kwamba inashinda bushi peke yake. Ninachosema ni kwamba Mlenga300 asiongeze kifaa kipya kabla ya kurekebisha hali ya chuma. Mandreli ikipita ndani ya shingo kumi zenye ugumu wa aina kumi, itaacha vipenyo vya aina kumi, kwa kuwa kila moja itajirudi kwa kiasi chake.

Mlenga300 amejibu:

Wakuu, nashukuru sana. Nimechukua muda kufanya mlivyoniagiza badala ya kujibu haraka, na naona ni haki nieleze kilichotokea.

Kwanza nilifanya jaribio la FundiMaganda kwa maganda matano. Shingo zilizobanwa kwa 0.334, baada ya kuingiza na kung'oa kichwa, zilipima kati ya 0.3362 na 0.3369. Hakuna hata moja iliyorudi karibu na ilikotoka. Kumbe nilikuwa natumia vichwa vyangu kama mandreli, tena mandreli ya bei mbaya.

Kisha niliyapitisha motoni maganda 20, kwa tahadhari zote alizozitaja MotoNaShaba, nikayabana kwa 0.336, nikapitisha brashi bila kuyaosha kwa pini. Nilipoanza kukalisha vichwa nilidhani nimekosea bushi, kwa sababu mpini wa presi ulishuka kwa upole uleule ganda baada ya ganda, kama kisu katika siagi, na ile alama ya duara haikutokea hata kwenye kichwa kimoja. Katika risasi kumi za kwanza tofauti ya kasi ilikuwa mita 7 kwa sekunde. Kumi za pili, mita 9. Matundu yameacha kujipanga juu na chini.

Swali la mwisho. Nina ndugu anayetumia bunduki ya nusu otomatiki ya .308 vilevile na ameniomba nimfundishe. Je, apunguze mbano kama mimi, au hata chini ya hapo? Nimesikia wapigaji wa mezani, wanaolenga bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya meza, wanatumia inchi 0.001 au pungufu.

FundiMaganda amejibu:

Hapana, mkuu, na tafadhali mwambie kabla hajajaza hata moja.

Wapigaji wa mezani wanaingiza risasi moja moja kwa mkono katika chemba, na baadhi yao wanakiacha kichwa kiwe kirefu ili bolti ikifungwa mifereji ya mtutu yenyewe ikisukume ndani hadi mahali pake. Kwao mbano mdogo hauna madhara mradi risasi haitembei. Hata wao, wakilazimika kuitoa risasi bila kuifyatua, mara nyingine kichwa hubaki kimekwama katika mifereji na baruti yote humwagika ndani ya bunduki.

Bunduki ya nusu otomatiki inaikwapua risasi kutoka kwenye magazini na kuigongesha chembani kwa nguvu. Kichwa chake kikipiga ukingo wa njia ya kuingilia, kinaweza kusukumwa ndani zaidi ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua hivyo, shinikizo hupanda, na kupanda kwake kunaweza kupita kiasi ambacho bunduki imejengwa kukivumilia. Kinyume chake pia hutokea, kwamba risasi inasimama ghafla chembani na kichwa kinaponyoka kwenda mbele. Kwa hiyo aanze na 0.003, na asitosheke na namba. Ajaze risasi mbili tatu za majaribio zisizo na baruti wala fataki, apime urefu wa kila moja kuanzia kwenye mviringo wa kichwa wala si kwenye ncha, aziache bunduki izivute yenyewe kutoka kwenye magazini, azitoe na kuzipima tena. Urefu ukibadilika kwa namna yoyote inayoonekana, mbano hautoshi.

Kama vichwa vyake vina mfuo wa kukunjia, yaani kijitaro kinachokizunguka kichwa, anaweza kukunja mdomo wa ganda juu yake kidogo, lakini mkunjo huo usichukuliwe kama mbadala wa shingo inayoshika. Na kwa kila bunduki, ya bolti au nyingineyo, apime shingo ya risasi iliyokamilika na ailinganishe na shingo ya ganda lililofyatuliwa katika chemba hiyohiyo. Iliyokamilika iwe ndogo kwa angalau inchi 0.002 au 0.003. Shingo isiyokuwa na nafasi ya kutanuka haiwezi kukiachia kichwa kwa urahisi, na hapo tena ni shinikizo.

MotoNaShaba amejibu:

Niongeze neno moja tu kwa Mlenga300. Maganda 20 uliyoyapasha yatenge na yale ambayo hujayapasha, kila kundi kwenye kisanduku chake na idadi ya mafyatuo ikiwa imeandikwa juu. Ukiyachanganya utarudi hapa mwezi ujao na swali lilelile.

Mlenga300 amejibu:

Nimekwisha kuyatenga, mkuu. Yaliyobaki 80 nayapasha Jumamosi, na ndugu yangu atakuwepo kupima nami.